Samaki Anayezaa Palepale Alipozaliwa

Maji yanapokupwa kwenye pwani ya mawe ya Rasi, kule kusini kabisa mwa Afrika, bahari huacha nyuma yake vidimbwi vya kila kimo. Vingine havizidi sufuria, vingine mtu mzima anaweza kuogelea. Anayechungulia kwa pupa huona mwani wa kahawia na mwekundu, kome waliong'ang'ania jiwe, mchanga kidogo chini, basi. Samaki haoni. Kumbe samaki yumo, amejilaza ubavuni mwa jani la mwani, amevaa rangi ya jani hilohilo, na pezi lake refu la mgongoni linayumba kwa mwendo uleule wa mwani unapotikiswa na maji. Wasemaji wa Kiafrikana humwita klipvis, yaani samaki wa mawe. Hapa nitamwita klipfishi, asije akachanganywa na yule samaki wa miamba yetu ya joto anayejifanya jiwe na kuwachoma wavuvi miguuni kwa miiba yenye sumu. Klipfishi hana sumu. Ana ngozi telezi, vinyweleo vidogo vya nyama juu ya macho, na ustadi wa kutoonekana. Aina inayojulikana zaidi, Clinus superciliosus, ilielezwa na Linnaeus mwaka 1758, na wakubwa wake hufikia urefu wa sentimita 30. Hula kaa wadogo na vijidudu vya jamii ya kamba. Mmoja huwa wa kijani, mwingine wa kahawia, mwingine mwekundu kama tofali, kulingana na mwani anamoishi, hata asiyewajua angeapa kwamba hao si ndugu.

Hoja yangu inahusu namna tunavyochagua viumbe vya baharini vya kulindwa. Kwa kawaida sisi huuliza maswali mawili tu. Je, samaki huyu anauzwa? Na je, amepungua? Asiyeuzwa hana mtetezi, na ambaye hajapungua huambiwa asubiri zamu yake. Swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko hayo mawili, halisikiki kwenye mikutano ya vijiji wala kwenye ripoti za wataalamu wa ujenzi wa pwani: mtoto wa samaki huyu husafiri umbali gani kabla ya kutulia? Klipfishi ni mwalimu mzuri wa swali hilo, kwa sababu jibu lake ni kwamba karibu hasafiri kabisa.

Samaki wengi wa baharini huishi kwa kubahatisha na mkondo. Jike huachia mayai kwa maelfu au kwa mamilioni, dume humwaga mbegu zake, na watoto wanaoanguliwa, wembamba na wanaopenya mwanga kama kioo, hupeperushwa na maji kwa siku au kwa majuma mengi. Wengi huliwa njiani. Wachache hufika, mara nyingi mbali sana na mahali mama yao alipokuwa. Ndiyo maana mwamba uliovuliwa hadi ukabaki mtupu unaweza kupata wakazi wapya bila mtu kupanda chochote, kwani bahari yenyewe huleta wageni. Klipfishi wa kusini mwa Afrika hawamo katika utaratibu huo. Dume ana kiungo cha kupandishia, jike hutunga mimba, na watoto hutoka tumboni wakiwa samaki kamili wenye mapezi na macho, tayari kujificha kwenye mwani uleule unaomficha mama yao. Katika baadhi ya aina, jike mmoja hubeba kwa wakati mmoja mimba za umri tofauti, wengine karibu kuzaliwa na wengine ndio kwanza wanatungwa. Ni uzazi wa uangalifu mkubwa, na gharama yake ni kwamba watoto ni wachache na hawaendi mbali.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni mawazo ya kukisia tu, lakini vinasaba vyao vinasimulia habari ileile. Mwaka 2008 Sophie von der Heyden na wenzake walichapisha uchunguzi wa klipfishi aitwaye Clinus cottoides, waliyemkusanya sehemu mbalimbali za pwani ya Afrika Kusini. Waligundua kwamba samaki wa upande mmoja wa pwani wametofautiana na wa upande mwingine kwa kiasi kinachoonyesha kwamba hawachanganyiki ovyo, na kwamba pale wanapochanganyika, uhamiaji huelekea upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Kwa macho ya mpita njia, hiyo ni bahari moja isiyo na ukuta. Kwa samaki huyu ni mlolongo wa vitongoji, kila kimoja na ukoo wake. Miaka minne baadaye, mwaka 2012, wataalamu walipomchunguza tena yule Clinus superciliosus wa Linnaeus, waliona kwamba jina hilo moja lilikuwa likifunika aina kadhaa. Mbili zilizowahi kupewa majina mwaka 1908, kisha zikasahauliwa ndani ya jina la jumla, zilirudishiwa hadhi yao, na nyingine mbili zikaelezwa kwa mara ya kwanza. Yaani kwa zaidi ya miaka 250 watu walikuwa wakihesabu samaki mmoja mwenye eneo kubwa la makazi, kumbe kila aina ilikuwa na eneo dogo kuliko lile lililoandikwa vitabuni. Samaki anayejificha vizuri hivyo humficha hata ndugu yake.

Hatari ya kuzaa palepale huonekana wazi zaidi kwa jamaa yake mmoja, klipfishi wa mto Bot, Clinus spatulatus. Huyu ameacha mawe ya bahari akaingia kwenye maji ya milango ya mito, na duniani kote anajulikana katika milango miwili tu ya Rasi ya Magharibi, ule wa Bot na ule wa Klein. Yumo kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Milango hiyo huzibwa na ukuta wa mchanga, na mara nyingine hufunguliwa kwa mikono ya watu. Maji yanaposhuka kwa ghafla, majani ya ukingoni anamojificha hubaki yakianikwa juani. Samaki wa mkondo angepoteza msimu mmoja. Huyu yumo hatarini kupoteza theluthi au nusu ya dunia yake kwa siku chache, wala hakuna mlango wa tatu wa kumletea mbadala.

Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, kusini mwa kisiwa cha Tasmania, yuko samaki mwingine ambaye si wa ukoo wa klipfishi lakini ana maisha yanayofanana naye: samaki mkono mwekundu, mdogo wa kutosha kukaa kiganjani, anayetembea juu ya miamba yenye mwani kwa mapezi yaliyoumbika kama viganja. Jike hufunga mayai yake kwenye mashina ya mwani na kuyalinda, na watoto huanguliwa wakiwa samaki kamili wanaoanza kutembea palepale. Waliobaki wazima wanakadiriwa kuwa chini ya 100, katika vipande viwili vidogo vya mwamba. Mwani wao ulitafunwa na uriri walioongezeka kupita kiasi, huku kamba wakubwa wanaokula uriri hao wakiwa wamevuliwa sana. Joto la bahari lilipopanda vibaya katika kiangazi cha huko cha 2023 na 2024, wanasayansi waliona afadhali kuwatoa 25 baharini na kuwaweka kwenye matangi hadi maji yapoe. Hiyo ni robo au zaidi ya ukoo mzima, imebebwa kwa ndoo. Hakuna mtu aliyewahi kumvua samaki huyo kwa ajili ya kumla. Hakukosewa na nyavu wala na ndoana. Alikosewa na watu waliodhani kwamba kiumbe kisichotakiwa sokoni hakina adui.

Nakiri kwamba upande wa pili una hoja za kweli, na ya kwanza ni kwamba klipfishi wa kawaida bado ni wengi. Sitalificha hilo. Katika vidimbwi vingi vya Rasi, yeye ni miongoni mwa samaki wanaopatikana kwa urahisi zaidi, na aina nyingi za jamaa zake hazijaorodheshwa kuwa hatarini. Lakini wingi ni picha ya leo tu. Hauelezi litakalotokea kidimbwi kikishamwagiwa saruji. Samaki wawili wanaweza kuwa wengi sawasawa, mmoja akarudi baada ya mwaka na mwingine asirudi kwa kizazi kizima cha binadamu, tofauti yao ikiwa moja tu, safari ya mtoto. Anayepanga kwa kutazama wingi peke yake hufanana na mtu anayehesabu fedha zilizomo mfukoni bila kuuliza kama kuna mshahara unaokuja.

Wengine husema samaki wa vidimbwini ni sugu. Mchana jua huchemsha maji yao, mvua huyapunguza chumvi, usiku hupoa, na bado wanaishi. Ni kweli, na ni jambo la kustaajabisha. Lakini usugu huo umejengwa juu ya mabadiliko yanayokuja na kuondoka kila maji yanapojaa na kupwa. Haukujengwa juu ya jiwe kung'olewa, mwani kukwanguliwa, au ukuta wa kuzuia mawimbi kuegemezwa pale palipokuwa na ufa wa kujifichia. Rangi inayomfanya asionekane kwenye mwani mwekundu humfanya aonekane na kila ndege mwani huo ukiondoka. Ustadi wake wote ni mkataba na mahali pamoja.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa watu wa pwani yetu wenyewe, na inastahili heshima kwa sababu ina ushahidi nyuma yake: tumeona kwamba kufunga eneo kwa miezi michache kunatosha. Tangu kijiji cha Andavadoaka cha Madagascar kilipofunga sehemu ya mwamba wake mwaka 2004 ili pweza wakue, utaratibu huo umeenea hadi kwetu, Pemba na Songosongo, na wavuvi wamefungua miamba wakakuta pweza wakubwa kuliko walivyozoea. Ni mafanikio ya kujivunia, hasa kwa akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu bamvua likikupwa. Lakini tuangalie kwa nini yamefanikiwa. Pweza hukua haraka ajabu, hazidi sana mwaka mmoja au miwili duniani, na watoto wake wakianguliwa huchukuliwa na maji na kusambazwa. Mwamba uliofungwa hupokea pweza wapya kutoka kwingine wakati wale wa ndani wakinenepa. Dawa hiyo inamfaa pweza kwa sababu pweza ni msafiri. Kuichukua na kumpa kila kiumbe cha maji mafupi ni sawa na kugawa miwani ya mtu mmoja kijiji kizima. Kwa kiumbe kinachozaa palepale, kufunga miezi mitatu kisha kufungua hakukifai kitu kama makao yenyewe yamekwisha vunjwa.

Basi tunafaidika nini na samaki asiyefika kwenye kikaango? Swali hili huulizwa kwa uchungu na watu wenye njaa, na haliwezi kujibiwa kwa hotuba juu ya uzuri wa maumbile. Jibu langu ni la gharama. Mara nyingi ulinzi wa viumbe hawa hauhitaji kumnyang'anya mtu yeyote chakula, kwa sababu hakuna anayewala. Unahitaji tu kubadilisha namna ya kufanya kazi ambayo ingefanywa vyovyote vile. Mjini Cape Town kuna mabwawa ya kuogelea yaliyojengwa kando ya bahari, yanayojazwa na mawimbi. Kwa miaka mingi yalisafishwa kwa kemikali, na viumbe vilivyokuwamo vikafa. Wananchi walipolalamika, manispaa ilibadilisha njia ya kusafisha, na watu wakaendelea kuogelea kama kawaida pamoja na klipfishi, pweza na nyota wa bahari. Hakuna aliyefukuzwa kazi wala kukosa kitoweo. Mwaka 2019 nchi hiyohiyo ilitangaza maeneo 20 mapya ya hifadhi ya bahari, na sehemu ya bahari yake iliyolindwa ikapanda kutoka chini ya asilimia moja hadi zaidi ya asilimia tano. Hatua hiyo ni kubwa na nzuri, ila sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji ya mbali na kina kirefu. Ukanda ambao mtu anaweza kulowesha viatu vyake ndani yake, ambao ndio unaojengwa, unakanyagwa na kumwagiwa taka kila siku, hauokolewi na mistari iliyochorwa huko mbali.

Kuna mtu mmoja ambaye kazi yake inaeleza vizuri jinsi tunavyogawa heshima kwa viumbe. J. L. B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, alitoa majina kwa aina kadhaa za klipfishi katika miaka ya 1940. Wachache wanalikumbuka hilo. Anakumbukwa kwa silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani alikwisha toweka hadi mmoja alipoletwa bandarini East London mwezi Desemba 1938, na wa pili akavuliwa Anjouan katika visiwa vya Komoro mwaka 1952. Silikanti walipoanza kunaswa na jarife za kina kirefu huko Tanga, Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009, na ilifanya vyema. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba silikanti naye huzaa watoto kamili: jike mmoja aliyenaswa Msumbiji mwaka 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Sababu ya kibayolojia inayotufanya tumwonee huruma silikanti, uzazi wa wachache na wa polepole, ni ileile iliyomo katika vidimbwi vya Rasi. Mmoja ana mita moja na nusu na jina lililoenea ulimwenguni. Mwingine ana urefu wa kidole au wa kiganja. Sioni kwamba urefu ni sababu ya haki.

Kwetu klipfishi hawapatikani kama kule, kwa kuwa jamaa zao wengi hupenda maji baridi. Visamaki vinavyorukaruka juu ya mwamba wa Mombasa, Unguja au Mtwara maji yakikupwa ni wa koo nyingine, na wengi wao hutaga mayai chini ya mawe au ndani ya matundu, kisha watoto huchukuliwa na mkondo. Hiyo ni bahati yetu, na inamaanisha kwamba vidimbwi vyetu vingi vina mshahara unaokuja. Lakini kwenye nyasi za bahari yuko farasi wa bahari, ambaye dume ndiye anayebeba mimba katika mfuko wa tumboni na kuzaa vitoto vilivyokwisha kuwa farasi kamili. Wazima hujizungusha mkia kwenye jani la nyasi na kushikilia kipande kilekile cha chini ya bahari. Farasi hao wamewahi kukaushwa na kusafirishwa kutoka Kenya na Tanzania kwenda Asia ya Mashariki, na tangu mwaka 2004 biashara yao ya kimataifa imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Sheria inamwangalia farasi akiwa tayari ndani ya gunia. Haimwangalii kokoro linapoburutwa juu ya nyasi zake, wala nyasi zinapong'olewa kupisha gati.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ni kifungu kizuri, lakini macho yake yapo upande wa nchi kavu. Upande wa pili wa mstari huo, pale maji yanapokupwa na kujaa, tathmini za athari kwa mazingira huorodhesha matumbawe, mikoko, kasa, na samaki wa kibiashara, kisha hufungwa. Wanaoziandika ni watu wenye elimu na nia njema. Wanajibu maswali waliyoulizwa, na swali la safari ya mtoto hawakuulizwa.

Naziomba NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya, na mamlaka za mazingira za Zanzibar, ziliongeze swali hilo kwenye fomu zao. Kabla ya kibali cha ukuta, gati au hoteli kutolewa, mtaalamu ashuke ufukweni siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, afuatane na wachokoaji wa kijiji husika ambao wanajua kila tundu na kila ufa, aorodheshe viumbe vinavyoonekana na vile vinavyojificha, na mbele ya kila jina aandike kama watoto wake huondoka na maji au hubaki palepale. Kiumbe kinachobaki palepale kihesabiwe kuwa hakina pa kurudi kutoka, na mradi usogezwe hatua chache. Kazi hiyo ni ya siku mbili tatu kila msimu, ndoo, daftari, na posho halali kwa akina mama watakaoonyesha njia.